Siku Tano, Hata Wakicheka

6 Februari

Shemeji,

Huu ni mwaka wa sita tangu kaka yako afe mikononi mwako, na hii ndiyo barua yangu ya kwanza kwako. Sijui barua ya namna hii huanzaje, kwa hiyo naanza na kazi iliyonileta.

Macho ya mama yako yameingia ukungu kabisa. Siku hizi anamtambua mtu kwa hatua zake. Barua zako mimi ndiye ninayemsomea. Mwezi uliopita ilikuja fomu kutoka huko gerezani, inauliza kama sisi wafiwa tunakubali umalizie kifungo chako hapa nyumbani, katika ua huuhuu. Mahali pa sahihi pameandikwa "mjane". Mama ananiuliza kila asubuhi kama nimeshatia sahihi, nami namwambia kalamu imekauka. Jana akasema, "Mwanangu, kalamu zote za nyumba hii zimekauka?" Nikacheka, naye akacheka.

Jambo la pili ni kuku. Kushona peke yake hakunitoshi, kwa hiyo nimeweka kuku sitini katika lile banda lako. Wiki hii wameanza kujikunyata, mabawa yamelegea, na kinyesi kina damu. Wako walianza hivyohivyo. Katika ua huu hakuna aliyewajua kuku kama wewe, basi nieleze nifanyeje.

La tatu ndilo lililonifanya nikae mezani. Mahakamani ulisema kaka yako hakutamka neno. Yule mtu alikuwa anazungumza na msumari kabla hajaugonga. Mimi natoka bombani na ndoo yangu kichwani, nikamkuta amelala kifudifudi kwenye maranda ya banda lako, na penseli yake ya useremala bado iko sikioni. Kichwa kimepasuka, penseli haijaanguka. Miaka yote hii nawaza juu ya ile penseli.

Niambie alisema nini. Ukiniambia, nitajua la kufanya na fomu.

Mjane wa kaka yako,
Mshonaji


19 Februari

Shemeji,

Barua yako niliisoma mbele ya wenzangu wawili, wakanicheka kwamba mwanamke ananiandikia habari za kinyesi. Mmoja alicheka kupita kiasi. Sasa hana meno mawili ya mbele, na mimi kidole changu kimoja kimepinda, ndiyo maana unaona mwandiko unakwenda upande. Hapa ndivyo tunavyoishi. Juzi mtu kachomwa tumboni na mpini wa kijiko ulionolewa, kisa kipande cha sabuni.

Kuku wako hao, toa maranda yote, uoshe sakafu kwa maji mengi kila asubuhi mpaka ing'ae. Banda langu lilikuwa safi kuliko vyumba vya kulala vya watu. Waliokwisha kulala usiwaonee huruma, shika kichwa, vuta, pinda, tupa. Waliobaki wape ile dawa ya kuhara damu kwenye maji, asubuhi, kabla hawajanywa kingine. Siku tano, usikatize hata wakicheka.

Swali lako nililijibu mbele ya hakimu. Hakusema kitu. Mtu aliyefumaniwa anamimina chupa yenye alama ya fuvu ndani ya maji ya kuku wangu mia mbili angesema nini? Walikufa mia na themanini, na hakimu kwa kinywa chake alisema nilichokozwa. Lau si ile chupa, ningeozea humu.

Sasa nikuulize na wewe. Kulikuwa na nini ndani yake? Ulikaa kule mahakamani umeinamisha kichwa kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Hukusema sumu, hukusema si sumu.

Tia sahihi. Mama anazeeka, na mimi ndiye mtoto aliyebaki.

Kiberiti


5 Machi

Kwa Mama Mshonaji,

Kama ulivyoniomba jana, naandika nilichokiona ili uwe nacho.

Niliwapasua kuku wako watatu waliokufa. Firigisi zilikuwa salama na ini lilikuwa salama. Shida ilikuwa kwenye utumbo, hasa vile vifuko viwili vya mwishoni. Vimevimba, vimejaa damu iliyoganda, na ukuta wake wa ndani umechubuka kama goti la mtoto. Huo ni ugonjwa wa kuhara damu. Vijidudu vyake hukaa kwenye kinyesi na hupenda unyevu. Kuku anadonoa maranda mabichi, vinaingia, vinatafuna utumbo.

Mama, acha kuosha banda kila siku. Unawaoshea ugonjwa. Weka maranda makavu, yageuze kwa reki, yakishikana yatoe. Vyombo vya maji viinue vifike usawa wa mgongo wa kuku, wasimwage.

Uliniuliza pia kuhusu wale kuku wa shemeji yako wa miaka ile. Ndiyo, niliitwa, nikapasua kumi. Ulikuwa utumbo wa namna hiihii, na vidonda vyake vilikuwa vya siku nyingi, vilianza kabla ya asubuhi ile. Dawa ya mchwa, ile ya chupa yenye fuvu, haichubui utumbo hivyo. Nilingoja niitwe mahakamani niseme. Hakuna aliyeniita, na mimi sikujipeleka. Jambo hilo halijaniacha.

Bwana Mifugo


8 Machi

Shemeji,

Nimefunga humu barua ya bwana mifugo. Isome kwanza, kisha urudi kwangu.

Nilifuata ushauri wako wa kuosha. Nilimwaga ndoo sita kila asubuhi, nikasugua mpaka magoti yakaota sugu. Kuku wakazidi kufa. Waliolegea walidonolewa na wenzao wakiwa hai. Jogoo mwekundu ndiye kinara, anamwendea mgonjwa kwa nyuma, anadonoa pale panapotoka damu, anavuta utumbo nje kama mtu anayevuta uzi wa fundo. Nilimkuta mtetea mmoja anatembea, utumbo wake unaburuzwa, na wengine watatu wanaufuata. Nilikaa chini nikalia, halafu nikafanya ulivyosema, shika kichwa, vuta, pinda.

Maranda makavu nimeyapata kwenye karakana ya kaka yako. Yamo magunia manne, sikuwahi kuyagusa. Nilipofungua la kwanza, harufu ya mbao ikatoka, nikamwona anaingia ndani na vumbi kwenye nyusi, ananiambia, "Fundi, leo nimegeuka mzee." Alikuwa ananiita Fundi, na mimi nilimwita Taratibu kama watu wote walivyomwita.

Nakujibu swali lako. Ndani ya chupa kulikuwa na dawa ya kuhara damu. Niliikoroga mimi.

Niliona kinyesi cha kuku wako kabla yako, nilipokuwa naanika nguo. Nikamwambia kaka yako. Yeye alikumbuka siku alipokwambia banda lako lina unyevu, ukamvunjia sahani kwenye paji la uso mbele ya mama, ukaapa kwamba atakayewagusa kuku wako utamvunja mkono. Lile jeraha nililishona mwenyewe kwa uzi wa hariri, maana alikataa kwenda hospitali, asije akaulizwa nani kampiga. Wiki ileile alikusamehe, wakati wa chakula. Basi mimi ndiye niliyesema tusikwambie. Atapita asubuhi utakapokuwa umekwenda kununua chakula cha kuku, amimine, aondoke. Alifanya hivyo siku mbili. Siku ya tatu ulisahau gunia ukarudi.

Na chupa niliitafuta mimi. Iliyokuwa na kifuniko cha kukaza ni moja tu, ile ya dawa ya mchwa. Niliiosha mara tatu kwa maji ya moto na sabuni. Fuvu halikubanduka. Nikasema, nani ataitazama.

Mahakamani nilinyamaza kwa sababu niliogopa wataniuliza ni nani aliyempa chupa ile. Kunyamaza kwangu kumekupunguzia miaka. Nimelala na jambo hili peke yangu, na sasa unalo na wewe.

Leo kuku wangu wako siku ya tatu ya dawa.

Mshonaji


21 Machi

Wewe,

Sikuiti shemeji.

Barua yako niliipata saa nne asubuhi. Saa tano nilikuwa nimemshika mtu shingo kwenye foleni ya uji. Hakunikosea lolote, alisema tu nimesimama vibaya. Walinzi watatu walinivuta. Wamenipiga kwenye nyayo kwa mpira, na hii naiandika nimekaa chini kwenye chumba cha adhabu, mgongo ukutani.

Unasema dawa. Huyo bwana mifugo wako alikuwa wapi miaka yote hiyo na vidonda vyake vya utumbo? Mimi niliona fuvu. Mtu yeyote angeona fuvu. Basi kama ilikuwa dawa, aliyemuua kaka yangu ni wewe, na chupa yako, na siri yako. Mimi nilikuwa beleshi tu, mwenye mpini ni wewe.

Nenda kamsomee mama hiyo.

Usinitumie tena habari za kuku.

Kiberiti


29 Machi

Shemeji,

Uliyoyasema kuhusu chupa nilijiambia zamani, kwa maneno makali kuliko yako. Siandiki kwa ajili hiyo.

Juzi mama aliniomba nimsomee tena barua yako ya Februari, ile ya ushauri, maana anapenda kusikia unavyozungumzia kuku. Nikasoma mpaka pale kwenye dawa. Nikakwama. Mama akauliza, "Mwandiko umefutika?" Nikamwambia ndiyo.

Umeandika, "Siku tano, usikatize hata wakicheka."

Wewe hukuwahi kuwapa kuku dawa. Ulikuwa unasema dawa ni za wachafu, na pakiti niliyokununulia mara moja uliitupa juu ya paa. Na hakuna pakiti iliyoandikwa habari za kuku kucheka. Ni maneno ya chumbani kwetu. Kaka yako alikuwa akiamini kuku akipona hutoa sauti fulani kooni, akasema huyo anacheka. Asubuhi ya kwanza, nikimkabidhi chupa mlangoni, nilimwambia siku tano, asikatize hata wakicheka. Nilikuwa namtania. Hatukuwahi kuyasema mbele ya mtu.

Uliyasikia wapi?

Mshonaji


14 Aprili

Shemeji,

Nimeichana barua hii mara nne. Mlinzi ameniambia karatasi ni ya mwisho.

Nilirudi kuchukua gunia. Nilimkuta ameinama kwenye chombo cha maji cha kona, chupa mkononi, anawaambia kuku kitu. Beleshi lilikuwa mlangoni. Sikuita. Pigo la kwanza lilimpata kati ya bega na shingo, nikasikia mfupa. Akaanguka kifudifudi, maranda yakamwingia kinywani, akajiinua akakaa, akayatema. Hakupiga kelele. Alinitazama kama mtu aliyekwaruzwa na msumari, anayetaka kujua umetokea wapi.

Akasema, "Ni dawa, mdogo wangu. Shemeji yako kaikoroga. Leo ya tatu. Siku tano, usikatize hata wakicheka."

Alipofika kwenye kucheka alitabasamu.

Nilimsikia. Tena nilimwamini, shemeji, palepale. Fuvu niliona, lakini kaka yangu tangu utoto hakuweza kunidanganya hata kuhusu nani kamaliza sukari. Niliamini kila neno. Nikamwona jinsi atakavyoinuka, ajifute maranda, ashonwe na wewe, halafu jioni wakati wa chakula anisamehe. Taratibu, mbele ya mama, kama alivyonisamehe ile sahani. Na kila nitakapolipita lile bega lililopinda, nitasamehewa tena.

Sikuweza. Nilipiga la pili ili asinisamehe. Hilo ndilo lililompasua kichwa. La tatu sijui lilikuwa la nini, alikuwa ameshalala.

Kisha nikamwaga maji yote yenye dawa, nikaosha vyombo. Kuku walipoanza kufa nilifurahi. Kila mmoja aliyelala chali alikuwa shahidi wangu. Polisi waliona chupa wakaandika wenyewe, mimi nikaacha kalamu zao ziende. Kwa hiyo si chupa yako iliyomuua. Chupa yako iliniokoa mimi.

Uliniambia ukijua alichosema utajua la kufanya na fomu. Umeshajua. Usinijibu kama hutaki.

Mdogo wake


20 Aprili

Shemeji,

Barua yako ilifika nikiwa kwenye cherehani, nashona sare za shule. Niliisoma, nikamaliza mshono wa bega niliokuwa nao, nikakata uzi, nikaenda bandani.

Kuku wamebaki arobaini na watatu. Walimaliza siku zao tano mwezi uliopita, maranda ni makavu, kinyesi kimerudi kuwa kinyesi. Ila yule jogoo mwekundu aliizoea damu, hajaacha. Nilipoingia alikuwa juu ya mgongo wa mtetea mmoja, anachimba. Beleshi lako polisi walilirudisha baada ya kesi, bado lina kikaratasi cha namba kilichofungwa kwa kamba. Lilikuwa mlangoni, palepale unapopajua. Nikalishika.

Pigo la kwanza lilimpata mgongoni. Akaanguka upande, bawa moja limekunjuka, akanitazama.

Nikasimama. Nilitaka kuujua upana wa ile nafasi iliyoko kati ya pigo la kwanza na la pili, maana miaka yote hii nilidhani haipo. Nilidhani ni kitu kimoja, hasira, pa-pa-pa, basi. Nikayasema maneno yake yote kwa sauti, polepole kama alivyokuwa akisema yeye. Ni dawa, mdogo wangu. Shemeji yako kaikoroga. Leo ya tatu. Siku tano, usikatize hata wakicheka. Nikaweka na lile tabasamu. Yote yalienea, shemeji, na nafasi ikabaki. Jogoo alikuwa bado ananitazama.

Nikaliweka beleshi chini, nikachukua kisu, nikamchinja kama watu wanavyochinja. Nilipomfungua, utumbo wake ulikuwa mzima kabisa, mweupe, safi. Hakuwa na ugonjwa wowote.

Mama alisikia purukushani akaja akipapasa ukuta. Akauliza kuna nini, nikamwambia jogoo. Tulipokuwa tunanyonyoa akauliza barua imesema nini. Vidole vyake havihitaji macho, ananyonyoa upesi kuliko mimi. Nikamwambia unasema kuku waendelee na maranda makavu. Akasema, "Mtoto wangu huyo, kuku kwake ni roho." Akasema pia kwamba anamwomba Mungu amjalie kukuona, halafu akajicheka, akasema kukusikia basi, kuona ni neno la zamani.

Siwezi kumsomea barua yako. Nimejaribu mara mbili. Nakaa karibu yake, naikunjua, na kinywa changu kinasoma habari za kuku. Sitaki yeye ayapate maneno yale kwa sauti yangu, kwa sababu sauti yangu ndiyo inayomwamsha na kumlisha, na baada ya hapo hatakuwa na sauti nyingine ya kukimbilia.

Kwa hiyo nimetia sahihi. Fomu imo humu ndani, pamoja na barua yako. Usiipoteze hiyo barua.

Usidhani nimekusamehe. Ninajua sasa kwamba kusamehewa ndiko ulikokukimbia, na sitakupa bure kitu ulichomuulia mume wangu. Utakuja, utakaa kwenye kile kiti kirefu alichokitengeneza yeye, chenye mguu mmoja mfupi, mbele ya mama yako. Utaitoa barua hiyo, utaisoma yote, na lile pigo la pili na sababu yake. Akikuomba urudie, utarudia. Mimi nitakuwa bandani, nimefunga mlango, nikingoja umalize. Usiku huo utalala wapi ataamua yeye.

Penseli ninayo. Nilitaka kuifunga humu, nikaona hapana. Ndiyo niliyoandikia barua hii, kwa sababu kalamu kweli zimekauka.

Kuku wanacheka tangu asubuhi.

Fundi